Kamati ya Kuratibu Kiu

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa mjini na wa vijijini, wenye kiu na wanaotarajia kuwa nayo, kwamba kuanzia tarehe mosi Septemba kiu yote imewekwa chini ya uratibu wa Kamati. Mwananchi hataona kiu kwa utaratibu wake mwenyewe. Kiu itakayojitokeza nje ya utaratibu itahesabiwa kuwa ni hujuma.

Maneno hayo niliyatunga mimi. Nilikaa nayo siku tatu ofisini pale Handeni, nikiyasoma kwa sauti, mpaka mhudumu akaniuliza kama nina homa. Mwaka ulikuwa sabini na nne. Mvua ilikuwa imetuhama misimu miwili mfululizo, visima vinatoa matope, na lori la maji linakuja kutoka upande wa Korogwe mara mbili kwa juma kama halikuharibika. Mtu wa kawaida angedhani tatizo ni maji. Kamati iliona mbali zaidi. Maji hatukuwa na uwezo nayo, lakini kiu ilikuwa ya wananchi wetu wenyewe, na kila kilicho cha wananchi lazima kipangiwe mipango.

Mimi ni Filemoni Hiza, na wakati huo nilikuwa Katibu wa Kamati. Nilikuwa mtu wa maana sana, jambo nililokuwa nikilitaja mara kwa mara ili watu wasilisahau. Kwetu ni milimani Usambara, ambako maji hushuka yenyewe bila waraka, na nadhani ndiyo sababu nilionekana nafaa kuja kuwaelimisha Wazigua habari za ukame. Mwenyekiti wangu alikuwa Ndugu Sadala, mtu aliyekuwa na sauti ya mkutano wa hadhara hata anapoomba chumvi.

Tuliigawa kiu katika madaraja matatu. Daraja la tatu lilikuwa la watoto na wazee, kata mbili za maji kwa siku. La pili lilikuwa la wakulima, kata nne, na zaidi kidogo kwa atakayeonekana analima kweli. La kwanza liliitwa Kiu ya Uongozi, nalo halikuwekewa kipimo, kwa sababu kiongozi hulitumia koo lake kwa niaba ya umma.

Kiu yangu ya uongozi, bila kujisifu, ilikuwa kubwa kuliko ya viongozi wote wa wilaya. Mtungi wa ofisini niliumaliza kabla ya saa nne asubuhi. Nilitoka nje kujisaidia mara nyingi hata wageni wakadhani nina vikao vingi. Nilikuwa nimekonda vilevile, na nililichukulia jambo hilo kuwa dalili ya kupandishwa cheo, maana wakubwa wa mkoani wengi walikuwa wembamba. Basi nikazidi kunywa.

Katikati ya mwezi ikaja barua kutoka Misima, ya balozi wa nyumba kumi aitwaye Kibwana. Aliandika hivi:

"Ndugu Katibu, salaam. Huku kwenye nyumba kumi zangu hatujambo isipokuwa njaa. Naripoti kwamba yupo mzee mmoja, Jonathan, Mnyasa, anakunywa debe zima kutwa peke yake. Nimemhesabia mwenyewe nikiwa barazani. Mkewe anasema si tamaa, ni ugonjwa. Mimi sina utaalamu. Naomba aje mtu wa Kamati kabla majirani hawajachukia."

Debe zima. Mwenyekiti aliisoma barua ile mara mbili, akaivua miwani, akasema hapo tumepata kesi. Kamati iliyokuwa na wiki mbili tangu kuzaliwa ilihitaji kesi kama mtoto anavyohitaji jina. Kesho yake tukapanda Landrova.

Jalada nililolifungua lilimwita Mgeni Mkazi Mstaafu, maneno matatu ambayo kila moja lilikuwa na idara yake, na idara hizo zilikuwa hazisalimiani. Yeye mwenyewe aliitwa Jonathan Kamwendo. Aliondoka Nyasa kijana, kabla ya vita vya Wajerumani vya pili, akaja na mkataba wa miaka mitatu kwenye mashamba ya katani, na ile mitatu ikawa thelathini na minne. Alikuwa fundi wa injini katika shamba moja upande wa Makuyuni. Alipostaafu akamfuata mkewe, Bi Mwanaidi, kwao Misima, kwa kuwa kule alikozaliwa hakubaki mtu wa kumtambua hata kwa sura, na nchi yenyewe ilikuwa imekwisha badili jina.

Tulimkuta amekaa uani kwenye kiti cha uvivu, suruali ameikaza kwa kamba ya katani, kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kimefungwa kitambaa. Umri wake ulikuwa umri wa baba yangu. Nilimsalimu kikazi, yaani sikumsalimu.

"Unafahamu kwamba unakunywa maji?" Mwenyekiti akaanza.

"Nafahamu, bwana," akasema Mzee Jonathan. "Nina sukari. Daktari wa shamba aliniambia tangu mwaka wa sitini na nane. Akanipa vidonge, nikawa mzima kama wewe. Sasa daktari kaondoka, vidonge vimekwisha mwezi wa sita. Hapa zahanati wana klorokwini tu. Nikisema kiu, wananipa klorokwini. Nikisema kidonda, klorokwini. Nimekula hadi masikio yanalia. Naomba barua ya kusafiri niende kule hospitali ya shamba, wanipime, wanipe vidonge vyangu. Hiki kidonda kikipanda nitakatwa mguu, ama nitakufa. Sina ombi jingine."

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa cheti cha dawa cha yule daktari, kimeandikwa kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Mwenyekiti akaipokea, akaigeuza juu chini.

"Karatasi hii imetolewa na nani?"

"Na daktari wa shamba."

"Shamba la nani?"

"Wakati ule lilikuwa la kampuni, bwana."

"Na sasa shamba ni la nani?"

"La umma."

"Basi na karatasi ni ya umma," akasema Mwenyekiti, akanipa mimi. "Ndugu Katibu, ingiza jaladani."

Nikaingiza. Nikaitoboa kwa ustadi, nikaipa namba moja, nikaigonga muhuri juu ya jina la dawa. Kisha nikamweleza mzee utaratibu. Ili apate kibali cha kusafiri, lazima aambatanishe cheti halisi. Cheti halisi hakitoki jaladani mpaka kiambatanishwe na kibali. Nilimweleza mara tatu, na kila mara nilijiona nimeeleza vizuri zaidi.

"Sasa anakwenda au haendi?" Bi Mwanaidi akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayetaka kutwanga.

"Suala lake linashughulikiwa, mama."

"Na kidonda nacho kinashughulika," akasema. "Tena hakina jalada."

Nikaandika kwamba mke wa mtuhumiwa ana lugha.

Hapo ndipo Bi Mwanaidi alipofanya kosa la kutusaidia. Akasema kama karatasi hatuiamini, basi tumfuate chooni. Tukamfuata, Kamati nzima, yaani watu wawili na dereva. Choo kilikuwa cha makuti, safi, kimefagiliwa. Kutoka mlangoni mpaka mahali pa kukojolea sisimizi walikuwa wamejipanga msafara mrefu, wanakwenda na kurudi.

"Bibi yangu hakujua kusoma hata herufi moja," akasema Bi Mwanaidi, "lakini ugonjwa huu aliujua. Mtu akikojoa, sisimizi wakaja, ana sukari. Kila mtu hapa Misima anajua. Haya, wenyewe hawa hapa."

Ndugu Sadala aliinama akawatazama wale sisimizi kwa muda mrefu, mikono nyuma. Alipoinuka uso wake ulikuwa mzito.

"Mama, duka la kijiji lilipata sukari lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya Idi."

"Idi hii iliyopita?"

"Ile ya nyuma yake."

"Mimi mwenyewe, Mwenyekiti, nyumbani kwangu tunakunywa chai ya chumvi," akasema Ndugu Sadala. "Wilaya nzima haina sukari. Huyu mgeni anayo mpaka ya kumwaga chooni. Anaitoa wapi?"

Bi Mwanaidi akacheka. Kisha akaniona naandika, akaacha kucheka.

Nataka nikiri hapa. Mimi nilisoma hadi darasa la kumi, na sayansi ilikuwamo. Nilijua fika kwamba mtu mwenye ugonjwa wa sukari hajaificha sukari popote, ni mwili wake umeshindwa kuitumia. Nilijua, na ningeweza kusema. Lakini kalamu ilikuwa imekwisha kuanza sentensi, na mimi nilikuwa mtu wa kumaliza sentensi. Nikaandika: "Imebainika kuwepo kwa sukari iliyohifadhiwa mahali pasipostahili." Jalada likahamishwa kutoka Afya kwenda Magendo, na Mwenyekiti akaagiza mzee apelekwe hospitali ya shamba, si kwa matibabu, ila kwa ajili ya kupima kiasi cha sukari alichonacho, kwa kilo.

"Nakwenda kama mgonjwa ama kama mwizi?" Mzee Jonathan akauliza.

"Unakwenda kama kielelezo," nikamwambia.

"Haidhuru," Bi Mwanaidi akamwambia mumewe, akaingia ndani kumtafutia shati. "Almuradi wanakupeleka."

Siku ya safari mzee alitoka amevaa tai. Tai nyeusi, ya zamani, imepigwa pasi. Mwenyekiti alibaki Handeni. Nilikaa mbele na dereva, lakini barabara ilikuwa mbovu na mbele kuna joto la injini, nikahamia nyuma karibu naye. Nilikuwa na dumu la maji ya uongozi kati ya miguu yangu. Tulisimama njiani mara kumi na moja, mara nne kwa ajili yake na mara saba kwa ajili yangu. Mara ya saba niliporudi kutoka vichakani alikuwa ananitazama.

"Bwana Katibu, macho yako yanaona sawasawa?"

"Yana ukungu kidogo. Ni maandishi mengi."

"Na miguu? Haiwaki moto?"

"Inawaka. Ni hivi viatu."

"Na huko kukonda?"

"Ni kujitolea, mzee."

Akatikisa kichwa pole pole, kama fundi anayesikiliza injini ya mtu mwingine na kuona si adabu kusema.

Hospitali ilikuwa nyumba ndefu ya mabati katikati ya katani. Daktari hakuwapo tena. Alikuwapo mganga msaidizi mmoja, Mama Yuditha, Mshambaa mwenzangu, mwanamke wa makamo ambaye alipima mwenyewe, akatibu mwenyewe, na ufunguo wa stoo ya dawa aliufunga kwenye pindo la kitenge. Ukutani, juu ya mlango wa stoo, ulikuwa umebandikwa Waraka Namba Saba wa Kamati yetu, wa vibali na dawa, nilioutunga mimi. Wilaya ile haikuwa yetu, lakini nilikuwa nimewapelekea nakala kwa ujirani mwema. Kuuona umebandikwa kwa gundi ya unga, umenyooka, hauna hata kinyesi cha nzi, nilisikia machozi yananilenga.

"Mgonjwa ni nani?" Mama Yuditha akauliza.

"Hakuna mgonjwa. Kuna kielelezo."

Akanitazama, akamtazama mzee, akamwonyesha benchi. "Baba Jonathan, karibu. Mbona ulitutupa? Hebu nione huo mguu."

Nikamweleza kwamba kabla ya mguu kuna kipimo, na kwamba kwa mujibu wa mwongozo, mkojo wa mtuhumiwa lazima upimwe pamoja na mkojo wa mwananchi safi, ili tofauti ionekane. Akauliza mwananchi safi tumemleta nani. Nikakohoa kidogo. Tulikuwa watatu pale na dereva alikuwa analala kwenye gari. Isitoshe, mimi sukari nilikuwa sijaitia mdomoni kwa miezi mingi, jambo ambalo ningeweza kuliapia popote.

Kwa hiyo nilitoa mkojo wangu kwa ajili ya taifa. Kwenye chupa nikabandika karatasi, nikaandika jina langu kamili na cheo, na kwa vile muhuri nilikuwa nao, nikagonga.

Mama Yuditha aliwasha kitaa cha spiriti. Kuna maji ya dawa ya buluu, akayatia kwenye vibomba viwili vya kioo, akadondoshea mkojo, akavishika juu ya moto kimoja kimoja. Akanieleza kwamba ikibaki buluu hakuna sukari. Ikiwa kijani ipo kidogo, njano imezidi, rangi ya chungwa ni mbaya, na ikifika rangi ya tofali, mtu huyo ndugu zake waitwe.

Kibomba cha kwanza kikawa rangi ya chungwa.

"Ameonekana," nikasema, nikafungua kalamu.

Kibomba cha pili kikapita kijani bila kusimama, kikapita njano, kikapita chungwa, kikawa tofali. Tofali la kuchoma, la nyumba ya kanisa.

"Sawa," nikasema. "Mzee ni yupi?"

"Mzee ni huyu wa chungwa."

"Chupa zimebadilishana."

"Chupa hii ina muhuri," akasema Mama Yuditha. "Uligonga mwenyewe. Mara mbili."

Nikadai irudiwe. Ikarudiwa. Rangi ikawa ileile, nadhani hata zaidi kidogo. Mama Yuditha akazima kitaa, akanivutia kiti.

"Kaa chini, Ndugu Katibu. Baba Jonathan ni mgonjwa. Wewe ni mgonjwa zaidi. Nashangaa umekuja unatembea."

Ilinibidi nikae. Kwa mara ya kwanza tangu nipate cheo niliogopa kitu ambacho sikukiandika mimi. Mzee Jonathan akasogea kwenye benchi, akanipa maji yangu mwenyewe kutoka kwenye dumu langu mwenyewe.

"Pole, bwana," akasema. "Nilitaka kukwambia njiani. Nikaona uko kazini."

Mama Yuditha alisafisha kile kidonda, akasema kimewahiwa, mguu utapona kama vidonge vitaliwa. Kisha akaniomba jalada. Nilikuwa nimelibeba kama ushahidi. Akataka cheti halisi kiambatanishwe na kibali, na kibali kisainiwe, kwa kuwa Waraka Namba Saba unataka hivyo, na hivyo vyote vimo mkononi mwangu. Nikasaini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusaini kitu nikijua kitamsaidia nani. Akafungua pindo, akafungua stoo, akamhesabia mzee vidonge vya miezi mitatu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Cheti chako halisi kiko wapi?"

"Nimepimwa sasa hivi."

"Nitakuandikia. Na idhini ya Kamati?"

"Katibu wa Kamati ni mimi."

"Basi idhinisha."

"Waraka unakataza Katibu kujiidhinishia."

"Nani aliyekataza?"

"Katibu," nikasema.

Akausoma waraka ukutani, kifungu kwa kifungu, akiufuata kwa kidole. "Na hapa chini unasema mganga atakayetoa vidonge bila idhini atahesabiwa mhujumu. Ningekupa, ndugu yangu, wewe wa nyumbani. Lakini nina watoto wanne, na haya maneno yako ni makali."

Nilirudi Handeni na cheti mkononi. Kikao cha Kamati kikaitishwa kesho yake. Kumbukumbu za kikao kile ninazo mpaka leo, kwa sababu nilizichukua mwenyewe, na ni kazi ninayoweza kuionyesha popote:

"Mwenyekiti alimtaka Katibu aeleze sukari ameipata wapi. Katibu alieleza kwamba hajui. Katibu aliandika kwamba maelezo ya Katibu hayaridhishi. Mwenyekiti aliuliza kama cheti alichonacho Katibu kimetolewa na hospitali ya umma. Katibu alikubali. Ikaamuliwa cheti ni mali ya umma na kiingizwe jaladani. Katibu alikiingiza. Katibu aliomba vidonge. Katibu alikumbushwa utaratibu na Mwenyekiti, ambaye aliusoma kutoka kwenye waraka ulioandaliwa na Katibu. Ikaamuliwa kiu ya Katibu ishushwe hadi daraja la tatu, kata mbili kwa siku. Suala litatazamwa kikao kijacho, mwezi ujao. Katibu alishukuru."

Kata mbili. Nilikuwa natamani kulamba ukuta. Mchana nilikaa ofisini naitazama ile mihuri, macho yanaona mihuri sita mahali ilipo mitatu, miguu inawaka, na najua kabisa kwamba mwezi ujao Katibu huenda asiwepo wa kuandika kumbukumbu. Nilikuwa nimejenga ukuta ule tofali kwa tofali, tena vizuri, hauna ufa hata mmoja. Niliutafuta huo ufa. Niliusoma Waraka Namba Saba mara zisizopungua ishirini nikitafuta mahali nilipokosea nikiuandika, na sikukosea hata mahali pamoja.

Siku ya tano Mzee Jonathan akaja. Alikuwa amepanda lori la maji lililokuwa linarudi, na Bi Mwanaidi yuko nyuma yake na kapu. Mguu wake ulikuwa ndani ya kiatu. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akanitazama namna alivyonitazama siku ile njiani, kisha akatoa kasha la kiberiti, akalisukuma juu ya meza. Ndani mlikuwa na vidonge, amevihesabu nusu kwa nusu.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na chakula," akasema. "Hivi vikiisha, nitakuwa nimepewa vingine. Mimi nina idhini."

"Mzee, kugawiana dawa ni kosa. Limo kwenye waraka."

"Waraka upi?"

"Wangu."

"Huo sijausoma," akasema. "Nilijaribu. Kiswahili chako kigumu."

Bi Mwanaidi akaniwekea mihogo ya kuchemsha mbele yangu, akasema nile kwanza. Nililia, na siandiki hivyo kwa mapambo, nililia nikiwa na muhogo mdomoni. Mtu huyu nilimnyang'anya cheti, nikamwandika mwizi, nikamfanya kielelezo, na hakunidai hata barua ya maombi. Nilipomaliza kumeza nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama mihogo imeiva.

Nilipata nafuu. Lakini habari zangu zilikuwa zimekwisha kuenea kuanzia Handeni hadi Misima. Wananchi walikuwa wameelewa jambo moja tu katika kazi yote ya Kamati, nalo ni hili: kiongozi anayekunywa sana ana sukari, na mwenye sukari lazima aseme ameitoa wapi. Basi viongozi wote wakaacha kunywa. Katika mikutano mtungi uliwekwa mezani, umejaa, na hakuna aliyethubutu kuunyoshea mkono. Mmoja akipiga chafya, wenzake wanamwangalia. Maji ya daraja la kwanza yakakosa wenyewe, na kwa kuwa maji yasiyo na mwenyewe hayana kifungu, dereva wa lori akawa anayamwaga Misima. Ndugu Sadala alihutubia saa mbili na nusu juani bila tone, sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta, na watu wakampigia makofi kila alipotaka kukohoa.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mwenyekiti akaja nyumbani kwangu. Alikuwa amevaa koti zito katika jua lile. Midomo ilikuwa imepasuka. Akaketi, akatazama dirisha, akatoa mfukoni chupa ndogo iliyofungwa kwenye gazeti.

"Hii ni ya mama watoto," akasema.

"Mama watoto si yuko Pangani tangu mwezi uliopita?"

"Aliiacha."

Kisha akasema anaomba jambo hili lisipite jaladani. Amesikia kwamba yule mzee wa Misima huenda hospitali kila vidonge vinapokwisha, na kwamba jina lake linakubalika. Sasa, kama chupa hii ingepelekwa kupimwa kwa jina la Mgeni Mkazi Mstaafu, ingekuwa heshima kwa Kamati.

"Mwombe mwenyewe," nikamwambia. "Mimi siruhusiwi."

Gari hatukuthubutu kulichukua, lingeonekana. Tukaenda kwa baiskeli, mimi nakanyaga, Mwenyekiti nyuma kwenye keria, ameishika chupa kwa mikono miwili isitikisike. Tulipofika, balozi Kibwana alikuwa barazani kwake. Akatuona, akaanza kuhesabu kitu kwa vidole.

Bi Mwanaidi alikuwa uani anapepeta mahindi. Ndugu Sadala akasema ana shida ndogo na mzee, shida ya haraka, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba mama yule ilibidi aache ungo ili amsikie.

"Yupo," akasema Bi Mwanaidi. "Anakunywa maji. Kaa pale, akimaliza atakuita."

Mwenyekiti akakaa.